Cheti cha Nchi Isiyokuwepo

Kwa fahari kubwa, na kwa vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya gari la maji, Idara ya Kuthibitisha Utokako, Tawi la Ibra, iliwatangazia wakaazi wote wa mikoa ya Sharqiya na Dakhiliya, iliyo chini ya Maskati, kwamba kuanzia Jumapili kila mtu atakuwa ametoka mahali. Kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa hiari. Mtu aliweza kukaa Sur, akanunua samaki, akaoa, akazeeka, na asiulizwe kitu. Sasa hayo yamekwisha, alhamdulillahi, na mimi nilikuwamo katika kuyamaliza.

Naitwa Kuruthum. Cheo changu ni Msaidizi wa Uratibu wa Asili, Daraja la Muda. Sikukiokota. Nimekwenda masomo ya jioni, mume wangu Ayoub kakaa nje ndani ya gari na mtoto mapajani, mimi darasani nikijifunza tofauti ya waraka na waraka wa ndani. Nilipopata kazi, bibi yangu Bi Hafidha alipika biriani akawaita majirani.

"Mjukuu wangu kaingia ofisini," aliwaambia.

"Ofisi ya nini, Bi Hafidha?"

"Ya kuwauliza watu kwao wapi."

Jirani mmoja akasema biriani imekolea.

Msingi wa kazi yetu ni wa kisayansi. Mkurugenzi wetu, Ustadh Ghassan bin Hamdun, aligundua kwamba karatasi hudanganya, nguo hudanganya, na mtu mwenyewe ndiye mwongo kuliko vyote viwili. Lakini mtu akishtuliwa hurudi kwao. Ndiyo maana tuna Kitengo cha Mshtuko. Kitengo ni Shamsi. Shamsi hukaa nyuma ya pazia na puto na pini. Mwombaji huketishwa kitini, huulizwa hali ya hewa ya kwao, na anapokuwa bado anafikiri, puto hupasuka. Neno la kwanza litakalomtoka ndilo linaloonesha kwao. Huandikwa, hugongwa muhuri, hutangazwa kwa kipaza sauti, na halina rufaa.

Matokeo ya mwanzo yalitia moyo. Mkulima mmoja wa tende kutoka Jalan Bani Bu Ali alishtuka kimya kimya, asitoe hata herufi. Tukamwandika "Asili Inasubiriwa", na mpaka leo anasubiri. Msichana wa Jabal al Akhdar, ambaye ukoo wake umelima mawaridi tangu mlima haujapewa jina, alisema "omaigadi", na kwa mujibu wa kanuni sasa ni Mmarekani. Babake alikuja kulalamika. Tulimfahamisha kwa upole kwamba anayo haki kamili ya kumuombea binti yake viza. Bibi yangu mwenyewe, puto lilipopasuka, hakusema neno. Alivua kiatu akapita nyuma ya pazia. Kanuni haisemi lolote juu ya kiatu. Faili lake liko Maskati, na Shamsi siku hizi hukaa nyuma ya mapazia mawili.

Ustadh Ghassan ni mtu wa Nizwa. Hulisema hilo kabla ya salamu. Kwa maelezo yake, ukoo wake ulikuwepo Nizwa ukiyangoja maji ya falaji, ule mfereji wa kale, yafike. Juu ya mlango wake pana tangazo: Ndani ya Jengo Hili Kinasemwa Kiarabu Tu. Kwa kuwa nusu yetu watumishi ni watoto na wajukuu wa waliorudi kutoka Unguja, tangazo hilo limeongeza sana nidhamu. Kiswahili tunakisemea chumba cha chai. Basi chumba cha chai kimekuwa ndiyo ofisi, na ofisini tunakwenda kupumzika.

Ndimo chumbani humo alimonifuata ndugu yangu Muhanna, na Mihwa nyuma yake.

Muhanna anaendesha magari ya watalii kwenye mchanga huko Al Mintirib. Mihwa alikuja na kundi la Wajapani, kuwafasiria. Kundi likaondoka, yeye akabaki kambini kupokea wageni. Akasilimu, akakaa kwa Bi Hafidha siku zake za mapumziko, akafundishwa kusukuma chapati na kusema Kiswahili cha mjini Unguja, kile chenyewe, cha watu wazima. Ndoa yake na Muhanna ilikuwa ifungwe Ijumaa. Kadhi alikuwa tayari, mbuzi alikuwa tayari. Ilibaki karatasi yetu tu.

"Dada," Muhanna akaniambia, "kadhi anasema hawezi bila cheti. Na kijitabu yake, ile ya kusafiria, inakwisha mwisho wa mwezi."

"Kijitabu chake," Mihwa akamsahihisha.

"Ndiyo hiyo. Ikisha, huku hawezi kukaa. Na huko Japani lazima arudi kabla haijakwisha, ama wanafunga mlango. Akirudi, wallahi sijui kama watampa ingine."

"Mbona asipewe pasi kama watu?"

Mihwa akajishika kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya bibi yangu akitaka kueleza ukoo. "Wifi, mie nimezaliwa Osaka, Japani. Baba yangu kazaliwa Osaka. Bibi yangu kaletwa mdogo kutoka kisiwa cha Jeju, wakati Korea nzima iko chini ya Mjapani. Vita vikisha, Mjapani akawaambia Wakorea waliobaki kwake: nyinyi si wenzetu tena. Akawaandika kwa jina la nchi ya zamani. Nchi yenyewe ikagawika vipande viwili, na jina lile katika majalada yao halimaanishi kipande hiki wala kile. Waliochagua cha kusini wakapata pasi. Bibi yangu akasema, mie nilitoka nchi nzima, nitachaguaje nusu? Hakuchagua. Baba hakuchagua. Nami sijachagua."

"Kwa ajili ya bibi?"

"Kwa ajili yake. Na kwa ukaidi kidogo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Idara yetu, nilimwambia, imeundwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye. Niliamini hivyo, na kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Ustadh Ghassan alikipokea kile kijitabu kwa ncha za vidole, akakigeuza mbele na nyuma.

"Nini hii?"

"Ruhusa ya kurudi Japani, ustadh," Mihwa akajibu, kwa Kiarabu cha Mabedui wa mchangani, kile cha kuitia ngamia.

"Basi wewe Mjapani."

"Wao wanasema sivyo."

"Lakini unarudi Japani."

"Ndiko nilikozaliwa."

"Basi wewe ni nini?"

"Mkorea, ustadh."

"Ya kusini au ya kaskazini?"

"Ya kabla."

Ustadh Ghassan akainuka, akaiendea ramani ya ukutani, tuliyopewa zawadi na muuza matairi. Akatafuta kwa makini sana. Alianza Asia, akashuka mpaka Australia, akarudi.

"Siioni."

"Imeondoka, ustadh," Muhanna akamsaidia. "Bibi yake alipotoka ilikuwepo. Alipotaka kurudi, haipo."

"Idara haina droo ya nchi zilizoondoka." Akarudi kitini, akafungua karatasi ya pili, cheti cha Mihwa cha kuongoza watalii. Uso ukamng'ara kama mtu aliyeokota kitu. "Na huyu Arai Mika ni nani?"

"Mimi vilevile. Pak Mihwa ni jina la nyumbani, Arai Mika la shuleni. Wengi wetu tunayo mawili. Ukenda na la nyumbani kutafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba anakwambia chumba kishapata mtu. Ukenda na la Kijapani, chumba kiko."

"Majina mawili ni watu wawili," Ustadh akaamua, na akamgeukia ndugu yangu kwa sauti ya baba. "Kijana, unajua kwamba unaoa wake wawili?"

Muhanna akamtazama Mihwa, akanitazama mimi, akaona hapana pa kutokea. "Sasa najua, ustadh."

"Sheria inakuruhusu. Lakini uadilifu. Kila mmoja na nyumba yake, kila mmoja na usiku wake."

"Nitajitahidi."

"Na mahari?"

"Nimetoa moja, ustadh. Watagawana."

"Hiyo dhulma," akasema Ustadh, akaandika.

Mihwa akaniinamia sikioni, kwa Kiswahili. "Wifi, mwambie Mika keshamsamehe mahari yake. Huyo Mihwa ndiye mwenye tamaa."

Nikakohoa, nikajiandaa kufasiri, kwa kuwa Ustadh Ghassan hajui Kiswahili na amelisema hilo mara nyingi. Lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa keshakasirika.

"Hapa si mahali pa mzaha," alisema. "Shamsi, mshtue."

Mihwa akaketishwa. Akaulizwa hali ya hewa ya kwao. Alikuwa ndiyo kwanza anasema "inategemea" puto likapasuka.

"Yalaa, mama yangu, moyo wangu huo."

Kwenye chumba cha chai kijiko kikaanguka. Halafu sauti ya Shamsi ikatoka nyuma ya mapazia mawili, yenye heshima ya kitaalamu.

"Unguja, ustadh. Tena mjini. Kwa lafudhi hii ni Malindi au Mkunazini, hatoki hapo."

"Haiwezekani," akasema Ustadh Ghassan.

"Kanuni, ustadh. Neno la kwanza."

"Kafundishwa. Nani kamfundisha?"

Uaminifu ni nguzo ya utumishi. "Bibi yangu, ustadh," nikasema. "Hakukusudia. Walikuwa wanakaanga sambusa. Mafuta yalikuwa yanaruka."

Mkurugenzi akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tukamsikia anatembea. Alipotoka alikuwa na Waraka wa Dharura, wino haujakauka, akausoma amesimama. Ulisema kwamba mshtuko, kama ilivyobainika, waweza kuambukizwa jikoni. Kwa hiyo kunaanzishwa Hatua ya Pili, nayo ni Kubembeleza. Hakuna mtu anayefundishwa kumbembeleza mtoto. Kila mtu hubembeleza kwa maneno aliyobembelezewa yeye, hata kama hayakumbuki, na hapo yalipotoka maneno hayo ndipo kwao, wala hapana pengine.

Sitaficha kwamba machozi yalinilenga. Katika masomo yangu yote sikuwahi kusikia waraka ulioandikwa vizuri namna ile.

"Kwa zoezi hili," akamalizia, "panahitajika mtoto wa serikali."

Serikali, ilivyoonekana, haikuwa na mtoto. Shamsi akasema manunuzi yatapita kwenye zabuni, na zabuni haitatoka kabla ya Ramadhani. Kisha, pole pole, macho yote yakashuka chini ya meza yangu. Binti yangu Yaqeen alikuwa humo, ndani ya kapu, anatafuna kamba ya simu. Bi Hafidha alikuwa Sur kumuuguza dada yake, na Yaqeen alikuwa anaota meno. Kwa hiyo kwa siku kadhaa alikuwa akihudhuria kazini bila ya kuwemo rasmi. Ustadh Ghassan akamtazama kwa muda. Akamwajiri papo hapo kuwa Kifaa cha Kupimia, Daraja la Muda. Ndilo daraja langu hasa. Mimi lilinitoa jasho, mwenzangu kaliingia na meno mawili. Nilifurahi kama mzazi.

Mihwa akamchukua. Hakumpakata. Aliinama, akamlaza mgongoni, akamfunga na mtandio wangu chini ya makalio, akaanza kutembea huku anampigapiga kwa nyuma, na sauti ikamtoka ndogo, ya puani: jajang, jajang, jajang. Hatukujua maana yake na hapana aliyeuliza. Yaqeen, ambaye tangu alfajiri alikuwa ananilia, akaegesha shavu, akalala mdomo wazi.

"Hiyo ya wapi?" Ustadh akauliza, kwa kunong'ona.

"Ya bibi yangu. Ya Jeju."

"Jeju ya sasa au ya kabla?"

"Ya kabla, ustadh. Yeye hakuwahi kuiona nyingine."

Ustadh Ghassan akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Idara ifunguliwe. Akakivuta kipaza sauti cha mezani, kile kilichounganishwa na gari la maji lililosimama nje mbele ya foleni, akasoma matokeo. Asili ya mwombaji, alisema, sasa imethibitika bila shaka yoyote. Na imethibitika kuwa haipo. Nchi isiyokuwepo haitoi watu. Aliyetoka huko hajatoka. Ombi limekataliwa.

Akaupiga muhuri. Muhuri wetu wa kukataa ni wa chuma, mkubwa kuliko ule wa kukubali. Ulilia mezani kama mlango wa ngome.

Mihwa hakulia. Alikikunja kijitabu chake, akakitia mkobani, akaufunga mkoba, kwa utaratibu wa mtu aliyeambiwa maneno hayo katika ofisi nyingi. Muhanna akageukia ukutani. Aliyelia ni Yaqeen. Aliamka na ule mlio wa muhuri, akaangua kilio, na kipaza sauti kikakichukua, kikalisambazia soko la Ibra. Nikakimbilia fundo la mtandio, halifunguki. Mihwa naye alikuwa anaangalia chini, hasikii.

"Mnyamazisheni," akasema Ustadh. "Nina uamuzi wa kusoma kwa ukamilifu."

Hapana aliyemsikia. Akaja mwenyewe, akalifungua fundo, akamweka mtoto begani, juu ya kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Akafungua mdomo ili aendelee na uamuzi. Kilichotoka hakikuwa uamuzi.

"Howa, howa, mwanangu. Nyamaza mama, nyamaza. Baba kenda Darajani, atakuja na visheti. Usilie, paka wa jirani atakusikia. Kesho jua likipoa ntakupeleka Forodhani."

Yaqeen akanyamaza.

Foleni ya nje, ambayo ilikuwa imeyapata yote kupitia gari la maji, ikasogea mlangoni.

"Ustadh," akasema Shamsi, pazia moja likifunguka, kisha la pili. "Niandike?"

Ustadh Ghassan akasita. Alipositasita, Yaqeen akavuta pumzi ya kulia. Akajaribu kumbembeleza kwa Kiarabu fasaha. Mtoto akakunja uso kama aliyelishwa ndimu. Ikabidi arejee alikotoka. Tangu hapo shughuli zote za Idara ziliendeshwa kwa mwendo wa kubembeleza, Mkurugenzi akiizunguka meza.

"Usiandike kitu, Shamsi mwanangu, howa howa. Zima hicho kipaza sauti, nyamaza mama."

"Kinazimwa kwenye gari, ustadh. Dereva kenda kusali."

"Mie nimezaliwa Nizwa, howa howa. Mama yangu ndiye wa Mkunazini. Mama yangu tu, nyamaza mama, mama yangu tu."

"Nchi gani niweke?" akauliza Shamsi, kalamu tayari.

"Unguja. Ile ya sultani, howa howa."

Ndugu yangu, bado kaelekea ukutani, mbele ya ile ramani ya matairi, akauliza bila ya kugeuka, "Iko hapa, ustadh?"

Ustadh Ghassan akasimama. Akaitazama ramani, na mkono wake ukawa unaendelea wenyewe kumpiga mtoto mgongoni.

"Ya kabla," akasema, pole pole.

Mimi ni mtumishi. Sikufurahia, lakini kanuni ilinitaka niseme, nami nilisema kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto. "Ustadh, kwa mujibu wa uamuzi uliotangazwa sasa hivi, nchi isiyokuwepo haitoi watu. Kwa hiyo mama yako hajatoka. Na ikiwa yeye hajatoka, wewe umefikaje?"

"Nimefika," akasema. "Howa howa. Unaniona nimefika."

"Tunakuona, ustadh. Basi na Mihwa tunamuona."

Akaizunguka meza tena. Nilikuwa namtazama, na naapa uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayesikia harufu ya chakula kutoka nyumba ya zamani.

"Alikuwa akiimba jikoni," akasema, bila ya kumwambia yeyote. "Wageni wakipiga hodi ananyamaza. Kwa ajili yetu, tuwe watu wa Nizwa." Kisha akamgeukia Mihwa na akamsemesha Kiswahili, kizuri, kilichokaa ndani muda mrefu. "Chumba cha chai kina kuta nyembamba. Ati bibi yako alisemaje? Nitachaguaje nusu?"

"Ndivyo alivyosema, baba."

"Mwanamke huyo," akasema Ustadh Ghassan, "angepatana na mama yangu."

Mkono mmoja ulikuwa na mtoto. Muhanna akamshikia karatasi, Mihwa akampa kalamu, na Mkurugenzi akasaini. Muhuri hatukuupiga. Tuliubonyeza taratibu kama unavyobonyeza unga. Cheti kinasomeka hivi: Mwenye cheti hiki, kwa majina yake yote mawili, ametoka Kabla, kwa njia ya Jeju, Osaka na Al Mintirib, na amefika.

Ijumaa kadhi akauliza jina la bibi harusi, akapewa mawili, akayaandika yote kwa mahari moja. Ustadh Ghassan alikuja. Alikaa karibu na Bi Hafidha, aliyekwisha rudi kutoka Sur, na walipiga soga mpaka mbuzi akabaki mifupa. Nilisikia neno Mkunazini, nikasikia wanagombana juu ya duka gani lilikuwa kona ipi, na hapana aliyekubali kushindwa.

Habari ilikwisha kusambaa kwa kipaza sauti. Wiki iliyofuata foleni ilipita soko. Watu walikuja kutoka Sur na Nizwa wakitaka droo ya Kabla, na kila mmoja alikuja na mtoto wake mwenyewe, kwa tahadhari. Makao Makuu wakasikia. Wakatuma ujumbe wa wakubwa kutoka Maskati, magari meupe, udi unawatangulia, nyuso zimefungwa. Walikuja kuchunguza ni vipi tawi dogo limeifungulia droo nchi isiyokuwepo, na ni nani atakayewajibika.

Niliwakaribisha mlangoni. Niliwaeleza kwamba Waraka wa Dharura bado una nguvu, na unasema "kila mtu", kwa hiyo hata mwenye mamlaka ya kuuliza kwanza apimwe yeye. Wakasema bila shaka, utaratibu ni utaratibu. Siku hiyo Yaqeen alikuwa anaota jino la tatu. Nikamtoa kwenye kapu, analia kwa nguvu zake zote, nikawanyooshea.

Waheshimiwa wakarudi nyuma mpaka ukutani, mikono mgongoni, kila mmoja akimhimiza mwenzake, kwa Kiarabu fasaha kabisa, amshike yeye.